Deni la Bodi na Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa: Tumshike Mkono Wapi Kijana Wetu?

Hotuba ya mjumbe wa kamati ya fedha katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya mfuko wa elimu



Kamati imenipa dakika ishirini na imenionya nisigeuze harambee kuwa darasa la uhasibu. Nitajitahidi. Lakini jambo nililopewa halisemeki bila tarakimu, kwa hiyo wenye simu fungueni kikokotoo, tuhesabu pamoja, na atakayeniona nimekosea anyooshe mkono.

Jambo lenyewe mnalijua. Mwaka jana mfuko wetu ulipokea ombi la binti wa kwetu aliyechaguliwa kusoma shahada ya uhusiano wa kimataifa. Kamati iligawanyika. Wapo waliosema mfuko ni mdogo, fedha ziende kwa wanaosomea udaktari, uuguzi na ualimu, kazi ambazo mtu anaziona kwa macho. Mzee wetu mmoja akauliza swali ambalo mpaka leo linazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp: "Huyo akimaliza atakuwa balozi wa Chiwanda kule Mbamba Bay?" Tulicheka. Ombi likawekwa kiporo, na binti akaenda chuoni kwa mkopo wa Bodi na kwa mbuzi wawili wa mama yake.

Mwaka huu tuna maombi mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo swali la mzee linastahili jibu, na jibu la mhasibu linaanza na deni.

Tumchukue kijana aliyekopeshwa kila kitu kwa shahada ya miaka mitatu. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku. Tuweke siku 240 za masomo kwa mwaka: 2,400,000. Vitabu na daftari 200,000. Ada tuweke 1,000,000. Hiyo ni 3,600,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 10,800,000. Bodi inaongeza asilimia 1 ya gharama za kuendesha mkopo, mara moja tu, ambayo ni 108,000. Deni ni 10,908,000. Tusiongeze hofu juu yake. Ni fedha nyingi, lakini si nyumba ya ghorofa.

Sasa mshahara. Nimechagua mshahara wa msingi wa 800,000, ajira ya Serikali, kwa sababu hesabu yake inakaa vizuri ubaoni. Unaanza kukata mfuko wa pensheni, asilimia 5: 40,000. Inayobaki, 760,000, ndiyo inayotozwa kodi, na kodi yake ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3: 24,000. Halafu Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Jumla ya makato 252,000. Kijana anapokea 548,000 mkononi. Hapo hajachangia chama cha wafanyakazi, hajalipa kodi ya chumba, na hajapigiwa simu na mjomba.

Kwa 120,000 kila mwezi, deni la 10,908,000 linakwisha baada ya miezi 91, ambayo ni miaka 7 na miezi 7. Mshahara ukipanda, na makato yanapanda, hivyo muda unafupika. Akiajiriwa kwenye kampuni binafsi kwa 600,000, makato ya Bodi ni 90,000 na deni linamfuata kidogo zaidi ya miaka 10. Mkononi anabaki na 426,000, maana NSSF inakata asilimia 10 badala ya 5.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu tuliokopa zamani hatulitenganishi na hali ya leo. Sisi tulikatwa huku deni likiota mizizi. Ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ikiitwa ya kulinda thamani ya fedha, na mtu alikuwa akilipa miaka mitano halafu anaangalia taarifa yake anaona kama hajaanza. Rais Samia aliitangazia mwisho wake Mei Mosi ya 2021 pale Mwanza, na ikaondolewa kuanzia Julai mwaka huo. Kwa mfano wetu huu, tozo ile ingeongeza zaidi ya milioni 3 na nusu na kuupeleka mwisho wa deni kupita mwaka wa 10. Kwa hiyo mjomba anayemwambia mpwa wake "usikope, mkopo wa Bodi hauishi", anasema kweli ya mwaka 2015. Mkopo wa leo unaisha.

Kasoro yake iko kwingine. Asilimia 15 inakatwa kuanzia shilingi ya kwanza ya mshahara. Uingereza, ambako watu hudhani mambo ni magumu zaidi, mwanafunzi aliyeanza chuo baada ya Agosti 2023 anakatwa asilimia 9, tena ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka tu. Chini ya hapo hakatwi kitu. Kwetu, hadi mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa yakawa 15, na haibagui mwenye mshahara mkubwa na mwenye mshahara wa kuanzia. Mimi naandaa mishahara kila mwezi. Naiona ile safu ya Bodi kwenye orodha, na naona namna inavyombana mtu wa laki sita kuliko mtu wa milioni tatu, ingawa asilimia ni ileile. Hilo ni la kuwaambia wabunge wetu, na siyo la kulimaliza hapa ukumbini.

Tumepata deni na tumepata mshahara. Wengi huishia hapo, wanagawanya kimoja kwa kingine, wanasema shahada inalipa au hailipi. Lakini kuna mstari wa tatu kwenye hesabu hii, na ndio uliofanya niombe nafasi ya kusema leo. Ni miezi ya kusubiri.

Kijana akikaa miaka miwili bila kazi baada ya kuhitimu, amepoteza miezi 24 ya ile 548,000. Zidisheni. Ni 13,152,000. Deni lake lote, nimesema, ni 10,908,000. Kusubiri kumemgharimu kuliko chuo kizima kilivyomgharimu. Na hiyo gharama haiandikwi na Bodi wala na chuo. Inaandikwa nyumbani, kwenye sahani ya ugali wa muhogo anayoila kwa dada yake Mbagala.

Ngoja niweke upande wa pili, wa kijana aliyebaki. Tuseme mwenzake wa darasa moja alibaki Chiwanda na mtumbwi wa baba yake, anauza usipa, na mwezi kwa mwezi anapata 200,000. Msomi akipata kazi siku anayohitimu, atakuwa nyuma ya mwenzake kwa 7,200,000, na kwa tofauti ya 348,000 kila mwezi atamfikia ndani ya miezi 21, kabla hata haijatimia miaka mitano tangu waachane. Akisubiri miaka miwili, atakuwa nyuma kwa milioni 12, na atamfikia karibu mwaka wa nane. Kwa mshahara wa 600,000 ni mwaka wa tisa na zaidi. Hiyo ndiyo tofauti anayoiona mzazi kijijini anaposema shule haina faida: anamwona mvuvi ana bati jipya na pikipiki, na msomi anaomba nauli. Mzazi huyo hakukosea kuona. Hakuonyeshwa tu mwaka wa kumi.

Sasa tuje kwenye uhusiano wa kimataifa wenyewe, maana mpaka hapa hesabu ingekuwa ileile hata kwa fani nyingine.

Chuo cha Diplomasia pale Kurasini kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, miaka mitatu tu baada ya jirani zetu kupata uhuru wao, na kwa mtu wa Chiwanda Msumbiji si habari ya redioni. Leo kinaitwa Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha Dkt. Salim Ahmed Salim, kwa heshima ya Mtanzania aliyekuwa balozi nchini Misri akiwa na miaka 22, akaliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, kisha akawa Katibu Mkuu wa OAU kuanzia 1989 hadi 2001. Dodoma nako wanafundisha fani hiyo, na vyuo vingine pia. Kwa hiyo kila Novemba na Desemba wahitimu wanatoka wengi.

Wanakwenda wapi? Wizara ya Mambo ya Nje inaajiri maofisa wachache, kupitia Sekretarieti ya Ajira kama wizara nyingine, na nafasi hizo wanazigombea pia waliosoma sheria, uchumi na sayansi ya siasa. Balozi zetu nje ni zaidi ya arobaini, lakini ofisi ya ubalozi si shule ya sekondari, watu wake ni wa kuhesabu. Anayeingia chuoni kwa ndoto ya bendera kwenye gari na hana mpango mwingine, huyo mimi nisingemshauri akope. Nasema wazi ili nisije nikaonekana natetea fani.

Ila wanaosema "asome ualimu, ualimu una uhakika", nao wanatumia ramani ya zamani. Walimu wenye shahada wanaosubiri ajira wamejaa mitaani, na kwetu wapo, wengine wako humu ndani. Uhakika ule tulioukuta sisi haupo tena katika fani nyingi. Kilichobaki ni kuuliza: fani hii, kwa kijana huyu, nini kitaifupisha miezi yake ya kusubiri?

Kwa uhusiano wa kimataifa jibu nimelitafuta kwa vijana waliofanikiwa, na kwa waajiri ninaokutana nao kazini. Linakuja lilelile. Cha kwanza ni lugha. Kijana mwenye shahada hii na Kiingereza cha darasani yuko kwenye foleni ndefu sana. Mwenye Kifaransa cha kuandikia barua, au Kireno, yuko kwenye foleni fupi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019 na ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022. SADC inatumia pia Kifaransa na Kireno, kwa hiyo anahitajika mtu wa kuvusha maneno kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hao hawatafuti tu mtu anayejua historia ya vita baridi.

Na Kireno, ndugu zangu! Sisi tunakaa ukingoni mwa Msumbiji. Wapo wazee wetu walioa huko, wapo waliozaliwa huko, na wengine mnajua salamu za Kireno za sokoni. Halafu kijana wetu anakwenda Dar es Salaam kusoma uhusiano wa kimataifa miaka mitatu na anarudi hajui kusema "obrigado". Hapo ndipo ninapotaka mfuko uingie.

Cha pili ni cheti cha kazi. Bandari ya Mbamba Bay inajengwa. Barabara ya lami kutoka Mbinga, kilomita 66, imeshafika. MV Mbeya II inatembea ziwani, na ng'ambo iko Nkhata Bay ya Malawi. Mizigo ikianza kupita kwa wingi, hawatahitajika mabalozi pale. Watahitajika mawakala wa forodha, watu wa nyaraka za mizigo, maofisa wanaoelewa mkataba wa biashara unasema nini na ushuru upi hautozwi. Chuo cha Kodi, Dar es Salaam, kinatoa cheti cha uwakala wa forodha kinachotambulika Afrika Mashariki nzima. Mwenye shahada ya uhusiano wa kimataifa akikiongeza hicho, huyo nisingemwita msomi wa mambo ya mbali. Itakuwa aibu bandari ikifunguliwa kwenye ghuba yetu halafu wote wanaokaa kwenye viti wametoka kwingine, na sisi tumebaki kupakia.

Na kuna jambo moja halihusu mshahara, nalo nitalisema kwa kifupi kwa sababu mzee aliuliza kuhusu balozi wa Chiwanda. Watu wa ufukwe huu tumeishi ndani ya uhusiano wa kimataifa muda mrefu kuliko wizara yenyewe. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba, na kwa maneno ya mkataba ule Malawi inadai mpaka uko kwenye mchanga wetu, na kwamba maji yote ni yake. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika Liuli na kuipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Mwaka 2012 maneno yalipopamba moto tena kwa sababu ya leseni za kutafuta mafuta ziwani, usuluhishi ulipelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Wakati wote huo watu wetu walikuwa wanatega nyavu usiku kama kawaida, na taa zao juu ya maji yenye wenyewe wawili. Katika vyumba ambamo ziwa hili linazungumzwa, sijasikia kwamba alikuwamo mtoto wa Chiwanda anayejua mbasa wanapatikana umbali gani kutoka ufukweni. Sisemi hiyo ni sababu ya kukopa milioni 10. Nasema mzee alidhani anatania.

Nirudi kwenye fedha, maana nimebakiwa na dakika chache.

Vijana wetu wanakwama mapema kuliko tunavyodhani, na wanakwama kwenye makaratasi. Maombi ya mkopo yanafanyika mtandaoni. Yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, sahihi na mhuri wa serikali ya kijiji, sahihi ya wakili au hakimu, na namba ya kaya kama familia iko TASAF. Mtoto wa Sinza anayakamilisha kwa siku mbili. Mtoto wa Chiwanda anaanza kutafuta cheti cha kuzaliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita, anapanda gari kwenda Mbamba Bay, mtandao hakuna, kesho yake Mbinga, na dirisha la maombi linafungwa. Wapo waliokosa mkopo si kwa sababu si maskini, bali kwa sababu umaskini wao haukuwa na mhuri.

Wazee kadhaa wamenipigia simu kuhusu sahihi ya mdhamini. Wanaogopa shamba. Nawaambia: hakuna hati ya shamba wala nyumba inayowekwa rehani kwenye mkopo huu. Lakini sahihi nayo si pambo. Mdhamini ameahidi, na mkopaji akipotea, Bodi inaweza kumtafuta yeye. Kwa hiyo mzee, kabla hujasaini, somewa fomu yote, baki na nakala, na hakikisha namba ya simu ya kijana unayo, na ya rafiki yake pia.

Na ninyi vijana mlioko kazini: mwajiri wako anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 tangu akuajiri, na makato kuyapeleka ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Wako waajiri wanaokata na hawapeleki. Kijana mmoja wa kwetu, simtaji, alikatwa miezi minane na kwenye akaunti yake ya Bodi haikuonekana hata senti. Angalia taarifa ya deni lako angalau kila baada ya miezi mitatu, na hati zako za mshahara usizitupe, ndizo zitakazokutetea. Kama umejiajiri, kiwango cha chini ni 100,000 kwa mwezi, na kunyamaza hakulifuti deni.

Sasa pendekezo la kamati ya fedha. Hatupendekezi kumsomesha mtu bure. Mfuko ukilipa gharama zote za kijana mmoja, tutatumia karibu milioni 11, wengine wote wataangalia. Bodi ipo, mkopo wake hauna tena ile tozo, acheni Bodi ifanye kazi yake. Sisi tulipie yale ambayo Bodi haiyagusi.

Kwa kila kijana tumeweka 300,000 ya kumfikisha chuoni na kumlisha wiki za mwanzo, kabla bumu halijaingia, maana wengine hulala njaa hapo au huanza madeni mabaya. Tumeweka 500,000 ya kompyuta mpakato iliyotumika. Tumeweka 400,000 ya masomo na mtihani wa lugha, au ya cheti cha pili, na hiyo inalipwa moja kwa moja kwenye chuo, haipiti mkononi. Na tumeweka 750,000 ya kujikimu miezi mitatu baada ya kuhitimu, akiwa anajitolea ofisini bila malipo, kwa sababu ofisi nyingi humchukua mtu waliyekwisha kumwona akifanya kazi, na mtoto asiye na ndugu wa kumpa chumba mjini hawezi kujitolea hata akitaka. Jumla 1,950,000. Kijana akiwahi kazi kwa miezi minne tu kuliko ambavyo angewahi, fedha hiyo imesharudi kwake.

Kwa vijana watano ni 9,750,000. Ni pungufu ya deni la mtu mmoja.

Masharti yapo. Mwombaji ataleta karatasi moja inayosema shahada hii itamfikisha wapi na lugha ipi au cheti kipi ataongeza, na atakaa mbele ya kamati aieleze. Atakayeandika "kuwa balozi" peke yake ataombwa aandike tena. Fani haitakuwa sababu ya kumkataa mtu, wala ya kumpitisha. Anayesoma uuguzi naye atajibu maswali yaleyale. Na kila atakayesaidiwa, mwaka wa pili wa ajira yake, atamshika mkono mwombaji mmoja wa kidato cha sita kwenye makaratasi ya Bodi, kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka mhuri wa mwisho.

Yule binti wa mwaka jana sasa yuko mwaka wa kwanza, na matokeo ya muhula wake ameyatuma kwa kamati bila kuombwa. Tumependekeza awe wa kwanza katika hao watano, na ameshaulizia darasa la Kireno.

Kadi za ahadi ziko mezani kwa akina mama wa mapokezi. Upande wa kulia wa kadi kuna visanduku vinne: cha chuoni, cha kompyuta, cha lugha, cha kujitolea. Weka alama kwenye kimoja, au andika kiasi chako. Ahadi inakusanywa kwa miezi minne, na mweka hazina atatoa stakabadhi kwa kila fedha, hata ikiwa 5,000. Hesabu za mfuko wa mwaka jana zimechapishwa katika kurasa za nyuma za kijitabu hiki, pamoja na salio la benki. Zikagueni kabla ya kutoa, nami nitakuwa pale mlangoni kwa mwenye swali, mpaka kikundi cha mganda kitakapoanza kupiga ngoma, maana baada ya hapo hakuna atakayenisikia.